Kishale katika Ujumbe wa Mgonjwa

Katika wodi za hospitali, kishale ni mwandiko wa zamani. Presha ↑, damu ↓, → rufaa: mwanafunzi wa udaktari au wa uuguzi huvikuta vishale hivi ndani ya majalada muda mrefu kabla ya mwalimu yeyote kumweleza matumizi yake, naye huviiga kama mtoto aigavyo lafudhi ya nyumbani. Hakuna anayemlaumu. Mhudumu mwenye wagonjwa 40 mbele yake hana nafasi ya kuandika insha, na anayelisoma jalada ni mwenzake waliyechezwa naye jando moja.

Kilichobadilika ni safari ya maandishi yenyewe. Zamani kishale kilizaliwa wodini na kufia wodini, ndani ya jalada lililofungwa kwa uzi na kuwekwa rafuni. Siku hizi simu ya mhudumu ina vishale tele katika kicharazio chake, kompyuta ya kliniki huvichora yenyewe mtu anapogonga vistari viwili na alama ya zaidi, na maneno yaleyale aliyoyazoea katika jalada huyaandika katika ujumbe unaokwenda kwa mgonjwa, kwa mwanawe, au kwa muuguzi wa zahanati ya mbali. Kishale kimetoka nje ya wodi. Huko nje hakina mkalimani, na ndiyo sababu katika ujumbe wa mgonjwa kinapaswa kuachwa, nafasi yake ichukuliwe na kitenzi.

Uchukuliwe mfano wa kubuni, ambao mhudumu yeyote wa Morogoro ataona kwamba haukubuniwa mbali na kweli. Bibi mmoja anaishi Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, kwenye matuta ya kabichi na karoti. Ana kisukari. Ameshuka mjini kupimwa, amerudi kwake, na majibu yamechelewa. Siku ya pili mhudumu wa kliniki anamwandikia hivi: “Sukari ↑. Dawa ya jioni 1→2. Rudi kliniki Jumatatu saa 2 asubuhi.” Simu ya bibi ni ndogo, yenye vitufe, ile ambayo watu huiita kitochi. Mjukuu anaichukua na kusoma kwa sauti: “Bibi, wamesema sukari kiboksi. Dawa ya jioni moja, kiboksi, mbili.”

Kiboksi hicho si kosa la mjukuu. Kila simu hubeba ndani yake seti ya maumbo ya herufi inazoweza kuchora, na simu nyingi za bei nafuu hazikuwekewa umbo la kishale. Ikipokea namba ya alama isiyoijua, huchora mraba mtupu. Na mifumo mingine ya kupitishia ujumbe, badala ya mraba, huweka alama ya kuuliza. Kwa hiyo bibi aliyeambiwa kwamba sukari yake imepanda anaweza kusoma “Sukari ?”, kana kwamba kliniki ndiyo inayomwuliza yeye.

Sehemu ya pili ya ujumbe ni mbaya zaidi, na hapa inafaa kusimama kidogo. Mgonjwa wa Tanzania amefundishwa kwa miaka mingi kusoma bahasha ya dawa. Juu yake huandikwa 1×3, au 2×2, naye anajua: kidonge kimoja mara tatu, vidonge viwili mara mbili. Hata asiyesoma sana anaijua hesabu hiyo, kwa kuwa mtoa dawa huitamka dirishani huku akionyesha kwa vidole. Sasa mtu mwenye mazoea hayo anapoona tarakimu 1, kisha alama isiyosomeka, kisha tarakimu 2, atafanya nini? Atajaza pengo kwa kile anachokijua. Atasoma 1×2. Badala ya kumeza vidonge viwili jioni, atameza kimoja asubuhi na kimoja jioni, au atachanganya maagizo hayo na dozi yake ya asubuhi ya siku zote, na Jumatatu ile mhudumu atapima sukari na kushangaa kwa nini mambo hayakwenda alivyokusudia.

Hata kishale kikifika salama, “1→2” si maagizo yaliyo wazi. Yanaweza kumaanisha kwamba dozi ilikuwa moja na sasa ni mbili. Yanaweza pia kumaanisha kati ya moja na mbili, kadiri mgonjwa atakavyojisikia, kwa kuwa katika maandishi mengi kishale hutumika kuonyesha masafa kama vile kinavyotumika kuonyesha badiliko. Mwandishi anajua alichokusudia. Msomaji amepewa tarakimu mbili na mkuki kati yake.

Hili halikugunduliwa Morogoro. Taasisi ya Marekani iitwayo Institute for Safe Medication Practices, ambayo kazi yake ni kukusanya taarifa za makosa ya dawa, ina orodha ya vifupisho na alama ambazo zisitumike katika maagizo ya tiba, na vishale vya ↑ na ↓ vimo. Sababu zinazotajwa ni kwamba husomwa kinyume cha kilichokusudiwa. Kwamba mwandishi mwenyewe huweza kuweka kile kisichotakiwa. Na kwamba kishale cha juu, hasa kikiandikwa kwa mkono, hufanana na herufi T au na tarakimu 4 au 7. Wengi walitarajia kwamba kompyuta itamaliza matatizo ya aina hiyo, maana lawama zote zilitupiwa mwandiko wa madaktari. Kompyuta imeondoa ile T na ile 7. Mengine imeyaacha palepale, na imeongeza yake.

Mojawapo ya yaliyoongezwa linafahamika kwa kila aliyewahi kupokea barua ya ofisini yenye herufi ngeni katikati ya sentensi. Programu ya Word, mtu anapogonga -->, hubadilisha alama hizo kuwa kishale kizuri. Lakini kwa kawaida kishale hicho si kishale halisi, bali ni herufi à iliyovikwa vazi la seti ya picha iitwayo Wingdings. Maandishi yakihamishiwa mahali ambapo vazi hilo halipo, à hubaki uchi. Basi muhtasari wa mgonjwa ulioandikwa “zahanati → kituo cha afya” hufika ukisomeka “zahanati à kituo cha afya”, na mpokeaji hudhani kuna neno la Kifaransa limepotea njia.

Historia ya kishale katika mitambo ni ndefu kuliko watu wanavyofikiri, na imejaa kuingia na kutoka. Orodha ya herufi ya Marekani, ASCII, katika toleo lake la 1963 ilikuwa na vishale viwili, cha juu na cha kushoto. Toleo la 1967 liliviondoa na kuweka ^ na _ mahali pake. Vishale vilirudi kwa heshima kubwa katika Yunikodi, orodha ya dunia nzima ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1991: leo vina eneo lao lenye nafasi 112, mbali na maeneo ya nyongeza, kuanzia vishale vya kawaida hadi vyenye mikia miwili na vilivyojikunja kama ulimi wa kinyonga. Hakuna uhaba wa vishale duniani. Ila kuwamo katika orodha ya dunia ni jambo moja, na kuwamo katika simu ya bibi wa Mgeta ni jambo jingine.

Anayekitetea kishale atasema kwamba walau kinafupisha. Hoja hiyo ndiyo inayosikika zaidi, na ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu katika ujumbe wa simu kishale hurefusha. Ujumbe mfupi una bahasha ya baiti 140. Herufi za alfabeti ya kawaida ya simu za GSM huchukua biti 7 kila moja, hivyo bahasha hiyo huenea herufi 160. Alfabeti hiyo ina a hadi z, tarakimu, nukta, mkato, mabano, hata herufi kadhaa za Kigiriki ambazo hakuna mgonjwa wa Matombo aliyewahi kuziomba. Kishale hakimo. Mwandishi akiingiza kimoja tu, simu hulazimika kuuandika ujumbe wote upya kwa mfumo ambamo kila herufi huchukua baiti 2, na bahasha ileile sasa hutosha herufi 70. Zikizidi hapo, ujumbe hukatwa vipande vya herufi 67, kila kipande na bei yake. Ujumbe wa herufi 150 ambao ungekwenda kwa malipo ya mmoja, ukiongezewa kishale kimoja huwa vipande vitatu; na palipo na mtandao dhaifu, kama katika mabonde ambako mtu hupanda hadi mgongo wa kilima kutafuta mawasiliano, vipande hivyo si lazima vifike pamoja.

Hesabu hiyo na ifanywe kwa ujumbe wa bibi. Ule wenye vishale una herufi 65, kwa hiyo unatosha, lakini kwa shida. Mhudumu aliyelelewa vizuri angetaka kuanza kwa “Shikamoo bibi.” Akifanya hivyo anafika 80, na ujumbe unakatika vipande viwili. Yaani kishale kinamlazimisha kuchagua kati ya adabu na gharama. Na sasa usomwe huu: “Sukari imepanda. Dawa ya jioni ilikuwa kidonge 1. Kuanzia leo meza vidonge 2. Rudi kliniki Jumatatu saa 2 asubuhi.” Una herufi 114. Ukitanguliwa na shikamoo unakuwa na 129, na bado ni ujumbe mmoja, kwa malipo ya mmoja, na kila kitochi kinaweza kuusoma.

Kiswahili kina bahati hapa ambayo wenyewe hawaioni. Herufi zake zote zimo katika ile alfabeti ndogo ya simu; lugha nyingi za dunia, hata za majirani, hazikujaliwa hivyo. Pana mtego mmoja tu: kibainishi cha ng'. Kikiwa kimenyooka hakina shida. Kompyuta ikikipinda, kama programu nyingi za uandishi zinavyopenda kufanya, kinageuka alama ya nje ya alfabeti na kufanya uharibifu uleule wa kishale. Ujumbe unaomwambia mzazi nini cha kufanya mtoto aking'atwa na mbwa unaweza kuongezeka bei mara mbili au tatu kwa ajili ya mkunjo mdogo usioonekana. Wanaotunga ujumbe kwenye kompyuta na kuubandika katika mfumo wa kutuma wakumbuke hilo.

Lakini herufi na baiti ni upande mwepesi wa jambo hili. Upande mzito ni wa sarufi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba katika neno moja nani, lini na kwa hali gani. Imepanda, inapanda, ilipanda, ipandishe, isipande: maneno hayo matano yana maana tano ambazo daktari hawezi kuthubutu kuzichanganya, na kishale cha juu ni kimoja kwa yote. “Presha ↑ dawa” inaweza kuwa taarifa kwamba presha imepanda na mgonjwa amepewa dawa. Inaweza kuwa amri kwamba dawa iongezwe. Inaweza hata kuwa lawama kwamba dawa ndiyo iliyoipandisha. Wodini, sauti ya mkuu wa zamu na chati iliyoning'inia miguuni pa kitanda huamua ni ipi. Katika simu hakuna sauti wala chati. Imepanda ni herufi nane. Ni bei ndogo mno kwa kujua kama mtu anapashwa habari au anaamriwa.

Na milima ina lake la kusema kuhusu juu na chini. Katika mpango wa huduma za afya, mgonjwa hupewa rufaa kwenda “juu”: kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa. Karatasi za mafunzo huonyesha ngazi hiyo kwa vishale vinavyopanda. Lakini mkazi wa Kinole au wa Mgeta anayepelekwa hospitali ya mkoa hushuka. Vilele vya Uluguru vinazidi mita 2,600, na mji wa Morogoro uko chini yake kwenye mita 500 na kitu. Kwa mtu wa huko, juu ni kwa babu, msituni, kwenye mawingu. Chini ni barabarani, sokoni, hospitalini. Ujumbe wa “mama ↑ haraka” aliotumiwa mume aliye shambani unaweza kuwa na maana mbili zinazoelekea pande mbili za mlima. “Mpeleke mama hospitali ya mkoa leo” haina upande wa pili.

Isidhaniwe kwamba kishale ni adui. Ukutani hospitalini, kando ya neno “Maabara”, ni msaada mkubwa kuliko maneno ishirini, kwa sababu anayekisoma amesimama mahali pamoja nacho na anaona kinakoelekeza. Katika chati ya hatua za kumhudumia mtoto mwenye homa, vishale hubeba mantiki yote, na chati isiyo navyo ingekuwa rundo la visanduku. Huko kishale kina mahali na kina mwalimu, kama ile 1×3 ya bahasha ilivyo na mtoa dawa wa kuitamka. Alama yoyote hugeuka lugha pale mtu anapoifundisha kwa mdomo. Kishale cha ujumbe wa simu hakijawahi kufundishwa kwa mgonjwa yeyote, kimemwangukia tu.

Tena mkoa huu una ushahidi wake wa kile ambacho maandishi sahili yanaweza kufanya. Wilaya ya Ulanga, ng'ambo ya mto Kilombero, ilikuwa mojawapo ya wilaya tatu, pamoja na Lindi Vijijini na Kigoma Vijijini, zilizojaribu mpango wa SMS for Life mwaka 2009 na 2010. Vituo 129 vya afya viliulizwa kila wiki kwa ujumbe wa simu dawa za malaria zilizobaki rafuni, navyo vilijibu kwa ujumbe wa simu. Vituo vilivyokuwa vimeishiwa walau aina moja ya dawa vilipungua kutoka asilimia 78 wiki ya kwanza hadi asilimia 26 wiki ya 21. (Sentensi hiyo ikiandikwa “78→26” haimwambii msomaji kama ashangilie au alie.) Miaka michache baadaye, mwaka 2012, ilianza kampeni ya Wazazi Nipendeni, ambayo kwa namba ya bure 15001 ilipeleka ushauri wa ujauzito na uzazi katika simu za akina mama na wenzi wao, kwa sentensi za Kiswahili kamili. Mipango hiyo miwili ilifanya kazi kubwa kwa simu ndogo kuliko zote.

Yanayotakiwa si makubwa. Mifumo inayotuma ujumbe kwa wagonjwa inaweza kuwekewa kanuni fupi inayokikamata kishale kabla hakijaondoka na kumrudishia mwandishi aandike neno. Ni kazi ya siku moja kwa fundi wa programu. Dozi inapobadilishwa, ziandikwe zote mbili, ya zamani na ya sasa, kila moja na kitenzi chake, na neno “hadi” liachwe kwa masafa peke yake. Rufaa itaje jina la mahali. Walimu wa vyuo vya afya, ambao hawajawahi kufundisha kishale kwa kuwa walidhani kinajifundisha, wakifundishe sasa, pamoja na mipaka yake. Na kila ujumbe wa kudumu, kabla ya kutumwa kwa maelfu, utumwe kwanza kwenye kitochi kimoja na kusomwa kwa sauti na mtu asiye mhudumu wa afya. Programu zinazowasomea wasioona zipewe nafasi yao pia katika jaribio hilo: baadhi hutamka kishale kwa Kiingereza, nyingine hukipita kimya kana kwamba hakikuandikwa.

Ujumbe wa bibi, pamoja na shikamoo yake, ulifika herufi 129. Zimebaki 31. Zinatosha kuongeza “Ukikwama piga simu zahanati.” na bado zikabaki mbili.